Mstari Uliochelewesha Dirisha

Nilichokiona kwanza ni kitufe cha kufuta.

Katika Ukumbi wa Taifa wa Mbio za Programu nilikuwa na kazi mbili: kupangusa kibodi asubuhi kabla mafundi hawajaingia, na kugawa chai saa nne. Kibodi zilikuwa mia mbili na kumi. Ukipangusa kibodi ya mtu kila siku unamjua bila kuongea naye, kama dobi anavyojua nani hukaa sana na nani hutembea sana. Kibodi za mabingwa zilikuwa zimechakaa kitufe kimoja tu, kile kikubwa cha kutuma jibu. Kiling'aa kama kipara. Vitufe vyao vingine vilikuwa vipya, kama havijaguswa.

Ila kibodi namba mia mbili na kumi, ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, ilikuwa kinyume. Kitufe cha kutuma kilikuwa na vumbi. Kilichochakaa ni cha kufuta. Maandishi yake yalikwisha zamani, na katikati palikuwa pamebonyea kidogo, mahali pa kidole.

Nikajiuliza, huyu anafuta nini siku nzima?

Sikumuuliza mtu. Mimi si mtu wa kuuliza. Niliishia darasa la tano, na hata huko mwalimu wangu aliandika kwenye ripoti: "Mwaka wa tano huu hatujasikia sauti yake."

*

Labda wewe msomaji hukai nchini kwetu, kwa hiyo nieleze kidogo tulivyobahatika.

Zamani fundi wa programu alijulikana polepole sana. Aliandika programu, watu wakaitumia, mwaka ukapita, wa pili ukapita, programu haikuwatesa, ndipo watu wakasema: huyu mama anajua kazi. Serikali ikaona utaratibu huo haufai, kwa sababu waziri wa kwetu hukaa kwenye kiti miezi kumi na minane, na hawezi kusubiri miaka miwili kujua nani wa kupigwa naye picha.

Ndipo Mheshimiwa Mhandisi Profesa Kibwana Tumbuizo, Waziri wa Kasi na Vipimo, akatuletea Ubao.

Ubao ni kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba. Saa mbili asubuhi linatoka swali, halafu la pili, mpaka la kumi. Majibu Wizara inayajua tayari, yamefungiwa kabatini. Fundi anatuma jibu, mashine inalinganisha na la kabatini, alama inapanda. Ikifika saa sita mchana nchi nzima inajua nani anajua.

"Ndugu wananchi!" Waziri alisema siku ya kuuzindua. "Ujuzi usioweza kupimwa kabla ya chakula cha mchana si ujuzi! Ni uvumi!"

Tulipiga makofi dakika nne. Nazo zilipimwa.

Maswali yote yalihusu ng'ombe wa mfalme. Mfalme ana ng'ombe elfu kumi na madaraja saba, ng'ombe weusi hawapatani na weupe, je, atawavusha kwa hatua chache kiasi gani? Nchi yetu haijawahi kuwa na mfalme, na daraja tunalo moja, limezibwa. Lakini katika miaka mitano vijana wetu wakawa hodari duniani kote kwa kuvusha ng'ombe wa mfalme. Chuo kikuu kikafunga somo la kuzungumza na watumiaji wa programu kwa kuwa halikuwa na jibu kabatini, na mahali pake kikafungua Kitivo cha Ng'ombe.

Kisha alama zikaingia kwenye kila kitu. Kumi wa juu walikaa chini ya feni. Sukari niligawa kwa alama: wa kwanza vijiko vitatu, wa mwisho strungi kavu, chai ya rangi bila sukari. Shikamoo ikawa inapanda Ubao badala ya kupanda umri, kwa hiyo mama wa miaka hamsini alimwamkia kijana wa miaka kumi na tisa, na kijana, kama alilelewa vizuri, aliitikia marahaba huku anatazama viatu vyake. Na ukitaka kusema kwenye mkutano, ilikuwapo Kanuni ya Sekunde: alama moja, sekunde moja. Mwenye alama elfu nne angeweza kutueleza jambo lake zaidi ya saa nzima. Asiye na alama alinyamaza.

Mimi sikuwa na alama hata moja. Hakuna aliyejua aniamkie au nimwamkie, kwa hiyo tuliacha kusalimiana. Kanuni ya Sekunde haikunisumbua. Kwangu ilikuwa kama kumkataza samaki asipande mti.

*

Mwenye kibodi mia mbili na kumi aliitwa Bi Mwanakombo. Alikuwa na alama tatu, ambazo alizipata siku Ubao ulipoharibika ukampa kila mtu tatu.

Vijana walimtania kila nilipopita na toroli la chai.

"Bi Mia Mbili na Kumi! Leo umevusha wangapi?"

"Hata ndama, mama? Hata ndama mmoja?"

"Wangu mimi hawavuki daraja, wanangu," alijibu bila kugeuka. "Wangu wako kwenye foleni hospitali."

Walicheka. Mimi nilijua kuwa hatanii. Bi Mwanakombo ndiye aliyeandika Programu ya Dirisha, ile ya dirisha la dawa katika hospitali ya mjini, kabla Ubao haujaja. Ilikuwa bado inafanya kazi. Ndiyo sababu hakuna aliyeikumbuka. Kila Jumanne alitoka ukumbini akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, asubuhi nzima, bila kuumwa. Kwenye Ubao siku hizo zilionyeshwa kwa rangi nyekundu na neno UTORO.

Siku moja nilimpelekea strungi yake. Kikombe chake nilikuwa natia sukari kidogo chini, kabla ya chai, isionekane. Alionja, akanitazama, akaonja tena.

"Binti, jina lako nani?"

"Sikudhani."

"Nani hakudhani?"

"Mama. Alikuwa ameshakata tamaa ya kupata mtoto."

"Basi umekuja kama jibu lisilokuwa kabatini." Akasogeza kiti. "Kaa."

Ndani ya ukumbi ule sikuwahi kuambiwa kaa. Sikukaa, lakini niliweka sinia chini.

"Hospitali ya mjini unaijua?"

"Naenda kila mwezi. Namchukulia mama dawa."

"Ana nini?"

"Kifafa."

"Mbona haendi mwenyewe?"

"Jua kali likimpiga anaanguka. Na foleni ile iko juani."

"Ehee. Na ukifika dirishani?"

"Kompyuta inauliza kama mgonjwa ni mimi. Nikisema siyo, inaandika mgonjwa aje. Basi Muuguzi Asumini ananionea huruma. Ananipa nusu ya vidonge, kwa kificho."

Aliweka kikombe chini. Nikafikiri nimemkosea, nikaanza kuokota sinia langu.

"Ngoja," akasema. "Hayo maneno, mgonjwa aje, niliyaandika mimi. Miaka tisa hiyo. Nilidhani nawazuia wezi wa dawa." Akaweka kidole kwenye kile kitufe chenye bonde. "Kumbe nimemzuia mama yako."

Akafuta.

Alikaa siku tatu akiandika na kufuta. Alikwenda benchini akauliza watu wengine, akarudi akafuta tena. Alama zake zilibaki tatu. Mwezi uliofuata nilipofika dirishani kompyuta iliuliza: Unamchukulia nani? Nikataja jina la mama, Mwamvua Hamadi. Muuguzi Asumini akanigeuzia kioo nione. Jina la mama lilikuwa juu, na chini yake: Anayemchukulia ni binti yake, Sikudhani.

Tangu ile ripoti ya shule sikuwa nimeona jina langu limeandikwa popote.

Mstari ule mpya wa programu ulikuwa mzito kidogo. Ili kumpata mchukuaji, kompyuta ilibidi ipekue daftari la watu wote. Ulichelewesha Dirisha kwa sekunde mbili. Muuguzi Asumini alizitumia kunywa maji.

*

Waziri, ambaye Ubao ulikuwa umemrudisha kwenye kiti mara nne, alipobakiza tena miezi miwili, alitangaza kuwa kuanzia sasa siyo watu tu, hata programu za Serikali zitashindanishwa. Ya kwanza ikawa Dirisha.

Wizara iliandaa wagonjwa ishirini wa mfano. Nilipeleka chai walipokuwa wanawaandaa, nikawaona kwenye karatasi. Wote walikuwa watu wazima. Wote walijua tarehe zao za kuzaliwa. Wote walikuja wenyewe, kwa miguu yao, na mvua haikunyesha. Walikuwa wagonjwa wenye afya njema sana.

Programu itakayowahudumia ishirini hao kwa muda mfupi kuliko zote ndiyo itawekwa dirishani siku hiyohiyo.

Aliyeshinda, kama kila siku, ni Bingwa wa Taifa, Sudi, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na alama elfu nne mia nane na kumi na mbili. Alichukua programu ya Bi Mwanakombo na kuipunguza kwa dakika kumi na moja. Watu walisimama juu ya viti. Kisha akainua mkono, na kwa kuwa alikuwa na zaidi ya saa nzima ya kusema, ukumbi ulitulia.

"Mheshimiwa, nimebakiza mstari mmoja," akasema. "Unauliza, unamchukulia nani. Unakula sekunde mbili nzima. Katika mifano yote ishirini jibu lake halijatumika hata mara moja. Sijui ni wa nini. Nikiufuta tunashuka mpaka sehemu ya mia ya sekunde."

"Sasa unasubiri nini?"

"Nilitaka kuuliza kwanza, Mheshimiwa."

Namsifu Sudi kwa hilo. Aliuliza.

"Haya!" Waziri akageukia ukumbi. "Nani anajua mstari huu ni wa nini?"

Bi Mwanakombo akasimama. Karani wa kengele alitazama Ubao, akaona alama tatu, akaweka saa sekunde tatu. Sasa, kanuni yetu inasema msemaji aanze kwa kumtaja mkubwa wa mkutano kwa cheo na jina kamili. Bi Mwanakombo alikuwa mtumishi wa zamani, mwenye adabu ya zamani. Hakuruka hata cheo kimoja.

"Mheshimiwa Mhandisi Profesa Kibwana Tumbuizo, Waziri wa Ka—"

Kengele.

"Asante sana kwa mchango wako mzuri," Waziri akasema. "Mwingine?"

Bi Mwanakombo alibaki amesimama. Kisha akageuza shingo polepole, akapita na macho yake juu ya vichwa mia mbili na tisa vilivyovaa visikizio, mpaka akafika kwangu, kwenye nguzo, na sinia langu la vikombe ishirini na vinne.

"Jamani, leo ni sikukuu!" Waziri akasema. Alikuwa na furaha. "Nasamehe alama. Yeyote ambaye hajapigiwa kengele aseme. Hata mfagiaji. Mstari huu ni wa nini?"

Hakuna aliyesema. Nilifungua mdomo. Nilihisi maneno yamefika kwenye meno. Lakini ukumbi ule ulikuwa mkubwa, na mimi nilikuwa na kanga ya kazini yenye madoa ya chai, na vikombe vikaanza kugongana vyenyewe juu ya sinia.

"Huyo wa chai," Waziri akasema, "vikombe vyako vinatupigia kelele."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikakumbatia sinia kifuani. Vikombe vikanyamaza, na mimi pia.

Sudi alitafuta kitufe cha kufuta. Ilimchukua muda kukiona, hakuwa amezoea kukitumia. Akakibonyeza.

Bi Mwanakombo alihamishiwa Kituo cha Kurekebisha Mafundi huko mpakani, akajifunze ng'ombe wa mfalme tangu ndama. Alipokuwa anakusanya vitu vyake nilisimama karibu naye nikishika kitambaa, sikuweza hata kusema pole. Yeye ndiye aliyenipa pole.

"Usijilaumu, mwanangu. Na mimi nilipewa sekunde tatu, nikazimaliza kwenye vyeo vya watu."

Kesho yake saa nne nilijaza vikombe kama kawaida, nikabakiwa na kimoja. Niliendelea kubakiwa na kimoja wiki nzima. Mkono ulikuwa bado unahesabu mia mbili na kumi.

*

Dirisha jipya lilikuwa la ajabu. Nilifika nikakuta foleni haipo. Zamani ningekaa mpaka adhuhuri.

Kompyuta ikauliza: Mgonjwa ni wewe?

"Siyo," nikasema. "Namchukulia mama."

Ikaandika: Asante. Umehudumiwa.

Nilingoja. Nikamtazama Muuguzi Asumini.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akasema. "Imekwisha."

"Dawa je?"

"Dawa sijakupa. Ila umehudumiwa."

"Hata nusu?"

Alinionyesha kabati nyuma yake. Lilikuwa na mlango wa chuma usiokuwa na tundu la ufunguo. "Linafunguliwa na kompyuta, siyo mimi. Wewe sema tu mgonjwa ndiye wewe."

Nikasema ndiye mimi, nikatoa kadi ya mama. Ikataka kidole gumba. Nikaweka. Ikaandika: Wewe si Mwamvua Hamadi. Asante. Umehudumiwa.

Kwa hiyo siku ile nilihudumiwa mara mbili. Redio jioni ilitangaza kuwa waliohudumiwa wameongezeka mara nne, na foleni imekwisha nchini. Hilo la foleni lilikuwa kweli, niliona kwa macho yangu. Watu walikuwa wanaondoka.

Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vya siku sita, tukavikata kwa kisu vikawa vya siku kumi na mbili.

"Si wamesema mgonjwa aje?" mama akasema. "Basi nitakwenda. Nchi nzima inakwenda, mimi nani nisiende?"

"Mama, jua."

"Jua halijaanza leo."

"Ngoja Jumapili nisiyokwenda kazini. Twende wote, nikushike."

"Jumapili dirisha linafungwa, Siku. Wewe siku zote unangoja." Hakusema kwa ubaya. Alicheka hata. "Ulivyozaliwa hukulia. Mkunga alikupiga kofi mara tatu. Nikamwambia mwache, anangoja zamu yake."

Jumatano ilikuwa sherehe ya mwezi mmoja wa Dirisha Jipya. Niliomba ruhusa, lakini niliomba kwa sauti yangu, na msimamizi hakusikia. Ukumbini palikuwa na keki ya umbo la saa. Waziri alisema kuwa kasi ni upendo wa Serikali kwa raia wake. Nilikuwa namimina kikombe cha mia na ishirini hivi.

Mama alitoka nyumbani saa tatu, peke yake, amevaa kanga yake ya kutokea, na kadi ya hospitali mkononi. Aliifuata ile barabara isiyokuwa na kivuli. Alianguka karibu na mtaro, akaingia mtaroni. Maji yalikuwa kidogo. Yalifika kifundoni tu, waliomtoa waliniambia hivyo, kama vile wananifariji. Lakini alianguka kifudifudi.

Kadi ilikuwa bado iko mkononi, haikulowa.

Mwisho wa robo ile ya mwaka Wizara ilitoa ripoti. Wagonjwa wa kifafa wanaofika dirishani walikuwa wamepungua kwa sehemu tisa kati ya kumi. Waziri akapewa cheti na mataifa ya nje kwa kukaribia kuumaliza ugonjwa huo. Kipo ukumbini, kimetundikwa juu ya Ubao. Nakipangusa Ijumaa.

*

Baada ya siku arobaini nilikwenda Wizarani kwenye meza ya malalamiko. Niliandika malalamiko yangu kwenye karatasi ili nisilazimike kuyasema. Karani aliyasoma mpaka mwisho, tena kwa makini.

"Swali lako ni zuri," akasema. "Ni rahisi, la wastani, au gumu?"

Nikasema sijui.

"Jibu lake ni lipi?"

"Ndilo nililokuja kutafuta."

"Aaa, hapana, dada." Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Hapa tunapokea maswali yenye majibu. Ukishalijua jibu, lete vyote viwili, tutavilinganisha."

Nikarudi nyumbani. Nyumba yetu ni chumba na ukumbi mdogo. Kuna vikombe viwili. Kimoja nimekigeuza juu chini.

*

Sudi alikuja kwenye jiko la ukumbi siku moja mchana, wenzake walipokwenda kula. Hakuwahi kuingia kule. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake.

"Hujambo, dada?"

Nilitazama nyuma kuona anamsemesha nani. Ilikuwa mimi. Sikumbuki kama nilijibu sijambo. Nadhani nilijibu kwa kichwa.

"Muuguzi wa pale dirishani alikuja kunitafuta," akasema. "Ameniambia habari za mama yako."

Nikaendelea kupanga vikombe.

"Dada, mimi mgonjwa sijawahi kumwona. Najua unaweza kucheka. Nilitolewa nyumbani na miaka kumi na miwili, nikaletwa huku kwenye mashindano. Nalala hapa nyuma, nakula hapa. Watu mia mbili na tisa, sijui jina la mtu, najua namba zao." Alikuwa anakuna ukingo wa meza kwa ukucha. "Ile programu ilipata mia kwa mia. Niliirudia jana, bado inapata mia kwa mia. Nimetafuta kosa, sioni. Ila mama yako..." Akatafuta neno, na lililokuja ndilo alilokuwa nalo. "Mama yako hakuwemo kwenye mifano."

Aliposema hivyo macho yake yalijaa machozi. Hakuwa na neno jingine. Miaka saba walimpa hilo moja.

Nilimmiminia chai. Nikasahau alama, nikatia sukari ninayotia nyumbani.

"Mimi niliuliza," akasema. Alikishika kikombe bila kunywa. "Unakumbuka niliuliza? Hata Waziri aliuliza. Watu wote wale. Mbona hakuna aliyesema?"

Nilichukua kitambaa nikapangusa meza mahali palipokuwa safi. Aliningoja. Kengele ya alasiri ikalia, akaweka kikombe, akakimbilia kiti chake chini ya feni.

*

Asubuhi bado napangusa kibodi. Kitufe cha Sudi cha kufuta kimeanza kuchakaa kidogo, nimekiona, lakini siyo cha kutosha. Kibodi mia mbili na kumi wamempa kijana mpya, na kitufe chake cha kutuma kinang'aa tayari. Lile bonde bado liko pale. Kidole changu kinaingia vizuri.

Nyumbani, nikishaosha vyombo, nasimama katikati ya ukumbi wetu mdogo, naangalia saa ya ukutani, nafanya mazoezi ya kusema. Sianzi na vyeo vya mtu. Nimejipima mara nyingi, siku nyingine kwa haraka, siku nyingine polepole, na haijawahi kuzidi sekunde mbili. Ndizo zilezile walizotaka kuziokoa.

Mstari huo ni wa mama yangu. Msiufute.